Nani Aliyeng'oa Mabakuli ya Tongoni?

Zafarani haiingii jikoni kwangu. Mawifi zangu wameshanisema mpaka wamechoka: eti mtu wa Tanga gani huyu, biriani yake anaipaka rangi ya kopo! Nawaacha waseme. Mwezi uliopita, kwenye harusi ya jirani, mpishi alifungua kipakiti akakiloweka kwenye marashi, na ile harufu ikanifikia nilipokaa na sinia la vitunguu mapajani. Nilinyanyuka nikatoka nje, kisu bado kiko mkononi. Wenzangu wakadhani nimeona nyoka. Nikawaambia vitunguu vimeniwasha macho, na kwa kuwa machozi yalikuwa yananitoka kweli, waliniamini.

Marashi na zafarani pamoja, kwangu mimi, ni harufu ya Mama akiwa mjamzito.

Tulikaa Tongoni. Baba aliendesha trekta kwenye shamba la mkonge, akirudi nyumbani Ijumaa jioni na kuondoka Jumapili. Mimi nilikuwa mtoto wa kwanza na, kwa miaka mingi, mtoto pekee. Si kwamba Mama hakuzaa. Alizaa watatu baada yangu. Walizaliwa wazima, na nywele zao kichwani, wakilia vizuri, mkunga akipiga vigelegele mpaka majirani wakaitikia. Siku ya pili macho yao yakaanza kugeuka. Weupe wa jicho ukawa manjano, halafu uso, halafu mwili mzima mpaka nyayo. Siku ya nne au ya tano walikuwa wameshalazwa nyuma ya nyumba, karibu na mkorosho, kila mmoja na jiwe lake dogo. Wakubwa walisema Mola kaita wake. Mimi nilikuwa naikumbuka ile rangi tu, maana niliiona kila Ijumaa nyumbani kwetu.

Kisimani wanawake walikuwa na maneno yao. Siku moja, wasijue kama nimeinama nyuma ya ukuta natoa mwiba mguuni, nikamsikia mmoja akisema, "Yule wa kwanza kafunga mlango nyuma yake." Mwenziwe akajibu, "Lisemwalo lipo." Basi mimi nikaanza kuacha milango wazi. Kila mlango niliopita, niliuacha wazi: wa chumbani, wa jikoni, wa uani, wa choo. Kuku wakaingia ndani wakanya kwenye jamvi, Mama akanigombeza. Ningemwambiaje kwamba nawafungulia ndugu zangu?

Bibi, mama yake Mama, alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani barazani kwetu, wasichana kumi na kitu tumebanana kwenye jamvi. Alizaliwa palepale Tongoni, akaolewa Pangani, akafiwa na mume, akarudi kukaa nasi wakati mimi ndiyo kwanza naanza kutembea. Alikuja na sanduku, mswala, na bakuli. Na ulimi wake, huo usiseme. Mimi aliniita mke mwenzangu, kama mabibi wanavyowatania wajukuu wa kike, na akinikuta najitazama kwenye kioo husema, "Jipambe tu, lakini yule bwana nilimpata mimi kwanza," akimaanisha marehemu babu, ambaye sikuwahi kumwona.

Lile bakuli lilikuwa la kauri, jeupe lililoingia ukijivu, na maua ya buluu yaliyofifia yamezunguka ukingo. Ndani lilikuwa na nyufa nyembamba nyembamba, kama yai la kuchemsha lililogongwa. Chini, kwenye kitako, lilikuwa limeganda kitu kigumu, cheupe, chenye chembechembe. Mimi nilidhani ni uji. Nilidhani zamani mtu alikunywa uji akaacha bakuli bila kuliosha, nikamwona mtu yule mvivu kupita kiasi. Siku moja nikataka kuubandua kwa msumari, Bibi akanizaba kofi. Ndiyo siku pekee aliyowahi kunipiga.

Mama akishika mimba, kila Ijumaa Bibi alimwandikia kombe. Aliloweka zafarani kwenye marashi, akachovya kalamu ya mwanzi, akaandika aya ndani ya bakuli kwa kuzungusha, kutoka ukingoni mpaka katikati, midomo inacheza bila sauti. Kisha akamimina maji. Maandishi yakalegea, yakawa nyuzi, yakawa rangi tupu ya manjano. Mama alilishika kwa mikono miwili akanywa mpaka tone la mwisho. Alipomaliza, Bibi alilifuta na kulifudikiza hapohapo. Hakuliacha likitazama juu hata kwa muda wa kuitikia hodi.

"Bakuli lililo wazi huita," alisema.

Sikuuliza linaita nini.

Mwaka ninaousema, Mama alikuwa na mimba ya tano. Hakuna aliyeitaja. Aliacha kucheka, akaacha hata kugombana na Baba, jambo lililomtia Baba wasiwasi kuliko yote. Mchana mmoja alikuwa ananisuka, nimekaa katikati ya miguu yake, tumbo linanigusa kisogoni, na nikahisi mtoto anapiga teke. Nikacheka. Mama mikono ikasimama. Akasema polepole, nadhani hata hakuwa anasema na mimi, "Huyu naye akinigeukia rangi, mimi sinyanyuki tena." Kisha akaendelea kusuka, akivuta nywele kwa nguvu mpaka nikaumia. Nilikuwa na miaka tisa, lakini mtu huwa anajua mamake anapomaanisha neno.

Sasa katika siku hizohizo shuleni tulikuwa na Mwalimu Mhando, Mbondei wa Muheza, mtu mwembamba mwenye viatu vinavyolia. Alifundisha historia na alikuwa na ugomvi na kitabu cha historia. Alisema kitabu kinajua wafalme wa mbali walikufa lini, lakini hakijui sisi tunakanyaga nini. Akatupa kazi: kila mtoto aende kwenye magofu, atafute swali moja ambalo kitabu hakina jibu lake. "Kuuliza si ujinga," alisema. "Mjinga ni yule anayepita kwenye kitu kila siku asikione."

Magofu yenyewe tuliyaona kila siku, na kweli hatukuwa tunayaona. Msikiti wa kale uliobaki kuta, na makaburi ya Washirazi, mengine yana nguzo ndefu za mawe, nyingi zimeanguka, na bahari ikisogea kila mwaka. Mlinzi wake alikuwa Mzee Sefu, mkubwa kidogo kuliko Bibi, mwenye redio ya mkononi isiyozimwa. Alipenda kusema serikali imemwajiri kuwalinda wafu wasitoroke.

"Shikamoo, babu!" darasa zima tukapiga kelele.

"Marahaba. Msikanyage makaburi. Atakayekanyaga ataota, na mimi sitakuwepo kumwamsha."

Wenzangu wakauliza ya kwao. Mmoja akauliza watu wa kale walivaa nini miguuni. Mwingine akauliza walipopiga chafya walisema nini, Mwalimu Mhando akafurahi mpaka akaandika. Mimi nilikuwa nimesimama mbele ya kaburi moja lenye ukuta wa chokaa, natazama matundu. Yalikuwa matundu ya mviringo, yamezama ukutani, yamepangwa mstari. Niliingiza mkono kwenye moja. Nje jua lilikuwa kali, lakini mle ndani chokaa ilikuwa ya baridi na imepinda vizuri, inakupokea kiganja.

"Babu, haya matundu ni ya nini?"

"Ya mabakuli. Mabakuli ya kauri, yametoka mbali, ng'ambo huko. Kaburi la mtu mkubwa lilipambwa hivyo. Kila tundu lilikuwa na bakuli lake, limegandishwa kwa chokaa, linatazama nje."

"Sasa yako wapi?"

"Yaling'olewa."

"Nani aliyang'oa?"

Mzee Sefu akapunguza sauti ya redio. Nakumbuka sana, kwa sababu hakuwahi kuipunguza hata kwa adhana. "Wewe mtoto wa nani?"

Nikamtaja Baba, hakutikisika. Nikamtaja Bibi. Basi akacheka kidogo kwa pua, akasema, "Kamuulize bibi yako," akaongeza redio.

Nilirudi nyumbani mikono inanuka chokaa. Bibi alikuwa anaswali. Nikafungua sanduku, nikaligeuza bakuli, nikanusa kile kitako. Ule haukuwa uji.

Sikumuuliza moja kwa moja. Mtoto ana akili zake. Nilingoja kesho yake tulipokaa kuchagua mchele, ungo katikati yetu.

"Bibi, Mama alipokuwa na mimba yangu, alikunywa kombe?"

"Wewe? Wewe ulijileta mwenyewe, hukungoja dua ya mtu. Mimi nilikuwa Pangani, habari zako nimezisikia kwa barua."

"Na bakuli?"

"Si lilikuwa na mimi! Lingekuwa wapi?" Kisha vidole vyake vikasimama juu ya mchele. "Kwani huyo mwalimu wenu anawafundisha nini siku hizi?"

"Historia."

"Historia ina wenyewe," akasema. "Chagua mchele, mke mwenzangu, mawe hayo unayaacha."

Nilichagua mchele, na huku kichwani nikapanga mambo yote mstari mmoja. Mimi sikunywewa kombe la bakuli lile, nikaishi. Bibi akaja na bakuli. Mama akawanywea watoto watatu, na wote watatu wakatoka na rangi ya zafarani, rangi ya kile kilichokuwa ndani ya chombo cha wafu. Kumbe si mimi niliyefunga mlango! Naona aibu kusema, lakini jambo la kwanza nililohisi ni raha. Nilihisi nimetuliwa gunia mgongoni. Hofu ilikuja baadaye kidogo, nilipotazama dirishani nikamwona Mama anaanika nguo, mkono mmoja kiunoni, tumbo limeshashuka.

Wenye bakuli walikuwa wanajilipa. Mimi niliona hivyo, na nikaona hakuna mwingine anayejua.

Pwani kwetu mtu haogopi usiku tu. Adhuhuri ina mambo yake pia. Jua likiwa utosini mtu hana kivuli, na tuliambiwa tangu wadogo kwamba saa ile asiye na kivuli huwezi kujua ni nani, kwa hiyo mtoto asipite makaburini. Lakini adhuhuri ndiyo saa Bibi alipomaliza kuswali akajinyoosha, Mama akalala, na Mzee Sefu akaenda kula. Nilikuwa sina saa nyingine.

Alfajiri ya siku niliyokwenda ilikuwa imenyesha mvua ya vuli, na udongo bado ulikuwa laini. Nililifunga bakuli kwenye kanga kuukuu, nikaliweka kifuani kama nimebeba mtoto. Njiani sikukutana na mtu. Nilipoingia magofuni, kunguru waliokuwa wakipiga kelele mikokoni wakanyamaza wote kwa pamoja, na sikusikia hata bahari, ingawa niliiona inakuja na kurudi. Nilivua kandambili. Sijui nani alinifundisha, niliona tu kwamba hapa mtu huvua.

Nikajaribu tundu la kwanza, bakuli likapwaya. La pili likawa dogo, ukingo ukagoma. Nikaenda kaburi la mbele, lililo karibu zaidi na maji, nikajaribu la chini upande wa kushoto, na bakuli likaingia. Sikulisukuma. Kile kigaga cha chokaa kitakoni kilikutana na pengo lake ukutani, nikasikia mlio mdogo, tk, na mikono yangu ikabaki mitupu hewani. Nikataka kulitoa kidogo niliweke vizuri. Halikutoka. Nilivuta kwa kucha, wapi! Lilikuwa limekaa pale kama halijawahi kuondoka, linanitazama, jeupe katikati ya ukuta mweusi.

Nikaona lazima niseme kitu. Aya nilizojua zilinipotea zote, mimi mjukuu wa mwalimu wa chuo. Nikasema kwa Kiswahili changu tu: "Chukueni chenu, tuachieni chetu."

Mle ndani ya bakuli sauti yangu ikanirudia. Haikuwa kubwa. Lakini ilichelewa, ilichelewa kuliko inavyopaswa, na nilikuwa nimeshageuka niondoke niliposikia, "...chetu." Nikakimbia. Kandambili nilizikumbuka nikiwa nimeshafika barabarani, na sikuthubutu kurudi.

Nyumbani nilikuta mkunga ameshafika. Uchungu ulikuwa umemshika Mama ghafla, kabla ya siku zake, na nilimsikia tangu nje. Bibi alikuwa amepiga magoti mbele ya sanduku, vitu vyote viko chini, zafarani imeshalowekwa kwenye kikombe.

"Mke mwenzangu, bakuli umeliona?"

 Akanitazama miguu mitupu iliyojaa udongo, akanitazama kanga tupu.

"Umelipeleka wapi?"

"Nimelirudisha."

"Umemrudishia nani?"

"Wenyewe."

Sijawahi kumwona mtu mzima akiisha nguvu vile. Alikaa chini kabisa, miguu imenyooka mbele kama mtoto. "Wenyewe ni sisi," akasema. "Mwana wewe, wenyewe ni sisi! Kaburi lile ni la wazee wetu. Bibi yangu ndiye aliyelitoa, siku walipokuja wageni na patasi kuyang'oa. Alilitoa lisiibiwe. Ndilo linalotulinda." Chumbani Mama akapiga ukelele. "Kimbia. Kalilete. Kimbia!"

Nilikimbia nikilia, maana sasa nilikuwa nimemuua kweli. Nilikuwa nimechukua kinga ya Mama, nikaitupa.

Tundu lilikuwa tupu.

Nikafikiri nimekosea kaburi, nikazunguka yote, nikaingiza mkono kila tundu, mpaka kwenye yale yaliyokuwa na majani na minyoo. Nikarudi kwenye lile la chini kushoto. Lile pengo la chokaa lilikuwepo palepale, na ndani kulikuwa na unyevu, na niliponusa kiganja kilinuka marashi. Nikatazama chini. Udongo laini wa mvua ulikuwa na nyayo zangu zinaingia, vidole vikitazama kaburi, na nyayo zangu zinatoka, za kukimbia. Ukiacha hizi za kurudi kwangu, hakukuwa na nyayo nyingine. Kandambili zangu zilikuwa pale nilipozivua, lakini zimegeuzwa, zimepangwa pamoja, kama mtu anavyomwekea mgeni anapotaka kuondoka.

Mzee Sefu alikuwa ameshakaa kibandani kwake, kwenye njia pekee ya kuingilia, anachokonoa meno.

"Babu, nani amepita hapa?"

"Hajapita mtu. Umepita wewe."

Nilirudi bila bakuli. Bibi aliniona mlangoni, akaelewa, hakuuliza. Alichukua kile kikombe cha zafarani akakimwaga uani, akaingia chumbani kwa Mama, akamshika mikono. Hakuandika kitu. Alisoma tu kwa mdomo, kwa sauti niliyoisikia mpaka barazani nilikokaa nimeziba masikio. Kabla ya magharibi mtoto akalia. Msichana. Mkunga safari hii hakupiga vigelegele.

Siku zilizofuata sitaki hata adui yangu azipate. Kila asubuhi Bibi alimtoa mtoto mlangoni kwenye mwanga, akamfunua jicho kwa kidole gumba, akatazama, akamrudisha ndani. Mama alilala akiutazama ukuta. Hakutaka kumwangalia usoni, alimnyonyesha macho yakiwa pembeni. Siku ya pili, jicho jeupe. Siku ya tatu, jeupe. Siku ya nne Baba alikuja kutoka shambani siku ambayo si yake, akakaa nje, akaogopa kuingia. Siku ya tano Bibi alitazama jicho la kulia, akatazama la kushoto, akatazama tena la kulia, halafu akaniita mimi. "Wewe una macho mazuri. Hebu angalia." Nikaangalia. Yalikuwa meupe kama maziwa, yananitazama na mimi.

"Meupe, Bibi."

Mama aligeuka kutoka ukutani. Aliomba apewe mtoto, akamfunua nguo zote, akamkagua nyayo, makwapa, nyuma ya masikio, kisha akaanza kulia kwa sauti, na Baba kule nje naye akalia akidhani mambo yameharibika. Siku ya saba mdogo wangu akapewa jina. Mimi nikaanza kufunga milango.

Bakuli halikutajwa tena nyumbani kwetu, na Bibi hakuandika kombe tena. Watu walipokuja kuomba aliwaambia mkono wake umekuwa mzito.

Miaka ikapita kama inavyopita. Mimi nikasomea uuguzi, nikapangiwa wodi ya wazazi, na mwaka wa kwanza tu wa kazi nikakutana na mtoto wa manjano. Daktari akanieleza mambo yale kwa dakika tano, amesimama, anakunywa chai. Kuna damu za aina mbili ambazo hazielewani. Mama akiwa na moja na mtoto ana nyingine, wa kwanza hupita salama, maana mwili wa mama bado haujajifunza. Baada ya huyo umeshajifunza, unapigana na wanaofuata tumboni, na wakizaliwa hugeuka manjano. Ila akitokea mmoja aliyerithi damu ya mama, huyo hupona. Siku ya mapumziko nilimleta Mama nikampima, nikampima na mdogo wangu, nikajipima na mimi. Damu yao ilikuwa moja. Yangu ilikuwa ile nyingine, niliyoirithi kwa Baba. Nilikaa maabara na zile karatasi tatu, nikajiona mjinga, na nikajiona huru. Nikajiambia basi, tundu ni tundu, na vibaka wa bakuli nao wapo.

Kwa Bibi sikusema. Sikuona haja. Alishakuwa mzee sana, hatoki kitandani, na nilidhani ameshasahau.

Alinikumbusha mwenyewe. Ilikuwa alasiri, nimekuja Tongoni kwa likizo kumwogesha. Nilikuwa namkausha vidole vya miguu aliposema, "Nilikudanganya."

"Lini, Bibi?"

"Bakuli. Bibi yangu hakulitoa. Nilitoa mimi." Akapumzika. "Nilikuwa mdogo kama wewe ulivyokuwa. Tulikuwa wasichana wanne, na huyo Sefu akitufuata nyuma. Tulitaka vyombo vya mchezo wetu wa kupikapika. Tukayachokoa kwa visu vya jikoni. Tulipika mchanga, tukapakua. Ya wenzangu yalivunjika siku ileile. Langu likabaki."

 Swali langu la darasani lilikuwa limejibiwa, na jibu lake lilikuwa wasichana wanne na mchanga.

"Alipokufa wa pili wa wale watoto watatu wa mama yako, nilijua," akaendelea. "Nilijua wanadai chao. Nilitaka kulirudisha. Nilifika mpaka kwa Sefu, miguu ikakataa. Niliogopa, mwanangu. Mimi nawafundisha watu dini, naogopa! Basi nikaendelea kuandika, nikasema labda aya zitawashinda. Wa tatu akafa. Wajukuu wangu nimewamaliza mimi, kwa woga. Na wewe, kinda, ukaenda peke yako."

Machozi yalimtoka pembeni ya macho yakaingia masikioni, na hakuwa na nguvu za kuyafuta. Nilimfuta mimi. Kumbe miaka yote ile tulikuwa na wazo moja, mimi na yeye, ndani ya nyumba moja, kila mtu na lake moyoni. Nikamwambia yote. Nikamweleza damu ya Mama na ya Baba, taratibu, kwa Kiswahili cha nyumbani, nikarudia mara mbili. Nikamwambia kombe lake halikumdhuru mtu, hata angelirudisha bakuli siku ya kwanza wangekufa vilevile, na huyu aliyepona angepona.

Alisikiliza akinitazama mdomo. "Unaapa?"

"Wallahi, Bibi. Nimepima kwa mikono yangu."

Alivuta pumzi ndefu, kifua kikashuka, na nikaona uso wake ukilegea, ukawa uso wa msichana.  Nilidhani amelala. Kisha akanishika mkono kwa nguvu ambazo sijui alizitoa wapi, na macho yake yakawa wazi kabisa.

"Kama hawakuwa wanadai," akasema, "nani aliyekuja kulichukua?"

"Sijui, Bibi."

"Na alikuwa anataka nini kwetu?"

Nikamwambia sijui. Hakuuliza tena, wala hakuniachia mkono, na alifariki siku ya tatu yake bila kusema neno jingine. Watoto watatu niliwatoa kifuani mwake kwa mikono yangu mwenyewe, na huyo mmoja aliyekuja kulichukua bakuli nikamwachia.